Otilia, Mpima Moto wa Frontera

Sogea karibu kidogo, maana habari za Otilia Zertuche hazifai kusimuliwa kwa kupaza sauti. Mwenyewe hapendi. Akisikia anasifiwa hujitafutia shughuli: atapangusa kioo cha kipimajoto chake hata kama kinang'aa tayari, na ukiendelea atakuuliza kama huna kazi ya kufanya.

Mimi nilikuwa dereva wa winchi katika karakana ya kufua vyuma ya doña Graciela Rentería (doña ni heshima kwa mwanamke, kama don kwa mwanamume), hapa hapa mjini Frontera, kaskazini mwa Meksiko, kwa hiyo mengi niliyaona kutoka juu. Mengine nimeambiwa na Otilia mwenyewe mezani kwake. Nilimsimamia binti yake ubatizo, na tangu siku ile tunaitana kompadre na komadre, na kwake naingia bila kubisha hodi.

Wazazi wake walikuwa waoka mikate. Mama yake, kabla ya kuingiza mikate tanurini, alikuwa akirusha unga kidogo kwenye sakafu ya tanuri na kutazama. Unga ukiungua papo hapo, wanasubiri. Ukigeuka kahawia taratibu, mikate inaingia. Otilia alikua akidhani kila mama duniani hupima moto namna ile. Alipofika shule ya ufundi akachagua somo la vipimo, na mwalimu alipomwuliza kwa nini, akajibu, "Moto haushikiki, mwalimu, na kila mtu anataka kujua una kiasi gani. Nimeona hapo hakosi kazi mtu."

Kazi aliipata kwetu. Doña Graciela alikuwa amerithi karakana kwa marehemu mumewe, na alikuwa amenunua kipimajoto cha aina ya kulenga: unakielekeza kwenye chuma kama mtu anayepiga picha, nacho kinasoma mwanga wa chuma na kukuonyesha nyuzi, bila kugusa chochote. Alihitaji mtu wa kukitumia. Akaja Otilia, mwembamba, nywele kazifunga kwa leso, buti kubwa kuliko miguu yake.

Sasa ujue karakana yetu ilivyokuwa ikifanya kazi kabla yake. Tulifua shafti za mitambo ya migodini, vyuma virefu vinene kama mapaja ya mtu. Chuma kinaingia tanurini, kinakaa, na kinapoiva kinatolewa na kupelekwa chini ya nyundo kubwa. Kikitoka kibichi, nyundo inakipasua. Kikizidi kuiva, kinaungua ndani kwa ndani, na nyundo ikikigonga kinamomonyoka kama biskuti. Kwa hiyo yupo mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuchungulia na kutaja rangi, na rangi zetu tulizitaja kwa vyakula. Bitiruti ni chuma kilichoanza tu kuwaka. Halafu nyanya. Halafu chungwa. Halafu hindi, ile njano ya hindi bichi lililochemshwa, na hapo ndipo nyundo inapoitwa. Baada ya hindi ni siagi, na siagi hakuna anayetaka kuisikia, kwa sababu chuma cha siagi kimeshaharibika.

Mtaja rangi wetu alikuwa don Nazario Cepeda. Alikuwa na tumbo kubwa, masharubu meupe na sauti ya kuongozea ibada. Mlango wa tanuri ulikuwa na tundu dogo la kuchungulia. Don Nazario alifumba jicho la kushoto, akaweka la kulia tunduni, akanyamaza, kisha akapiga kelele, "Hindi!" na sote tukakimbia. Wengine hatukuwa tukitazama. Wa kwenye nyundo walivaa miwani myeusi na kusimama nyuma ya bati, mimi kioo cha winchi kilikuwa na masizi. Rangi ilikuwa mali ya don Nazario. Akisema hindi ni hindi.

Basi wiki ya kwanza Otilia akalenga kipimajoto chake kwenye shafti iliyotoka tu tanurini. Don Nazario kasema hindi. Kipimajoto kikasema nyuzi elfu moja na kitu, yaani chungwa lisiloiva.

Chema Borrego, mwendesha nyundo, akavua miwani yake ili acheke vizuri.

"Binti, hicho kidude kimekuja na betri?"

"Kina betri."

"Basi kipe na kahawa, bado kimelala!"

Karakana nzima ikaangua kicheko. Otilia uso ukawaka. Don Nazario hakucheka. Alichukua brashi ya waya yenye mpini mrefu, akasugua ubavu wa shafti, na magamba yakaanguka sakafuni, vipande vyeusi vyembamba kama maganda ya kitunguu kilichoungua. Pale aliposugua chuma kikang'aa.

"Lenga hapa, mwanangu. Haraka, kabla halijaota jingine."

Otilia akalenga. Namba zikapanda mpaka hindi.

"Ulikuwa unapima shati lake," don Nazario akamwambia. "Gamba likibanduka linapoa. Chuma chenyewe kiko chini." Kisha akamgeukia Chema. "Na wewe vaa miwani. Ukipofuka nani atanunua soda?"

Maana ndiyo ilikuwa desturi yetu, anayechekesha wakati wa chuma cha moto ananunua soda za wote. Chema alinunua.

Otilia hajaisahau siku ile. Alinisimulia mara nyingi, na kila mara anaishia hapo kwenye brashi. "Kompadre, angeweza kuniacha tu. Wangenicheka wiki moja, ningeondoka. Yeye akachukua brashi." Ndiye aliyemfundisha pa kusimama joto lisimpige kifuani, na kwamba chuma kilichosuguliwa kinarusha mwanga mdogo kuliko chuma chenye uso uliofifia, hata vikiwa na moto uleule. Hilo shule ilikuwa imemfundisha kwa hesabu, na kipimajoto kilikuwa na kitufe chake cha kurekebishia. Don Nazario alilijua kwa kutazama. Walikuwa wakikaa kwenye benchi saa ya chakula, yeye na tortila zake, chapati nyembamba zenye maharage, binti na mayai yake yaliyokaangwa na nyama kavu, wakibishana vitu hivyo mpaka king'ora kinalia.

Miaka ikaenda. Otilia akaolewa, akazaa, mimi nikawa kompadre. Kipimajoto kikafungwa mahali pake pa kudumu kando ya mlango wa tanuri, na yeye na don Nazario wakawa wanaafikiana: mmoja anataja chakula, mwingine anasoma namba, na mara nyingi ilikuwa kitu kimoja.

Halafu wakaacha kuafikiana.

Ilianza kidogo kidogo. Otilia anasema, "Imefika, don." Don Nazario, jicho tunduni, anasema, "Bado. Chungwa." Wanangoja. Anasema hindi wakati kipimajoto kimeshapita mbali. Safari hii chombo hakikuwa kinasoma chini, kilikuwa kinasoma juu.

"Ni ndimi za moto," alisema don Nazario. "Zinapita mbele ya kioo chako zinakudanganya. Na kuta za tanuri zinawaka kuliko chuma, mwanga wake unadunda."

Na hilo nalo ni kweli, linatokea. Kwa hiyo Otilia alimwamini. Alisafisha kioo. Alihamisha kipimajoto kikae mbali na ndimi za moto. Alikipeleka mjini Monterrey kikakaguliwe, kikarudi na cheti kwamba ni kizima. Tofauti ikabaki palepale. Na bado alimwamini, kwa sababu angemwamini nani kama si yeye?

Shafti zikaanza kupasuka. Nyundo inashuka, na badala ya chuma kukubali, kinaachia ufa. Doña Graciela akalaumu wauza chuma, akabadilisha wauza chuma, shafti zikaendelea kupasuka. Mpaka siku ile kipande kiliporuka kutoka chini ya nyundo, kikapita kando ya sikio la Chema na kwenda kutoboa bati nyuma yake. Chema ambaye hanyamazi alikaa chini sakafuni, akalitazama lile tundu kwenye bati.

Doña Graciela alitushukia kutoka ofisini. Ni mwanamke mdogo wa umbo, lakini karakana ilimtii.

"Kuna mtu hapa anakosea," akasema. "Ama chombo, ama jicho. Don Nazario, nakuheshimu, ulifanya kazi na mume wangu. Otilia, nawe nakuheshimu. Lakini kabla ya Jumamosi nataka kujua. Kama ni chombo, nitakitupa. Kama ni jicho..." Hakumaliza. Wote tulijua mwisho wake. Mtaja rangi asiyeona rangi anapewa fagio, au anapewa mkono wa kwaheri.

Jioni nilimkuta Otilia jikoni kwake, hajawasha jiko.

"Komadre, hakuna chakula nyumba hii?"

"Kaa, kompadre." Akanitazama. "Naweza kujua ni nani anakosea. Naweza kujua kesho. Kinachonitesa ni kwamba nadhani nimeshajua."

"Basi sema ni chombo. Atupe chombo, atanunua kingine."

"Na Chema? Kipande kingine kikiruka?"

Akainuka akawasha jiko, tukala.

Asubuhi alichukua kipande kifupi cha chuma kilekile tunachofulia shafti, akakitoboa kwa drili matundu mawili ubavuni, membamba, yanayoingia ndani sana. Don Nazario alikuwa amesimama karibu, mikono nyuma.

"Unatengeneza filimbi?"

"Natengeneza mahali ambapo moto hauwezi kudanganya, don." Akamwonyesha. "Uso wa chuma una magamba, una mng'ao, una mwanga unaodunda. Lakini ndani ya tundu refu, mwanga unagongagonga kuta humo humo mpaka unachanganyika wote. Unaotoka ndio moto wenyewe, hata uso uwe umevaa nini. Tundu moja nitalilenga kwa kipimajoto. Hili jingine nitaingiza waya wa kupimia, wenye ganda la kauri, uguse chuma ndani. Hivi viwili havijuani. Vikisema namba moja, hatutabishana tena."

Don Nazario alikichukua kile kipande, akakigeuza kuelekea mwanga. Angeweza kukataa. Angeweza kusema yeye si wa kupimwa na kipande cha chuma, na sisi wote tungekuwa upande wake, maana tulimpenda. Alisema tu, "Tundu la pili lisafishe, lina uchafu wa drili."

Kipande kikaingizwa tanurini, matundu yake yakiuelekea mlango. Kazi nyingine zikasimama. Doña Graciela alisimama na koti lake la ofisini kwenye vumbi. Mimi nilishuka kutoka kwenye winchi, jambo lisiloruhusiwa, na hakuna aliyenikemea.

Kipimajoto kikasoma. Waya ukasoma. Otilia akasoma vyote viwili kwa sauti, na vilikuwa vinatembea pamoja kama watu wawili wanaokwenda kanisa moja. Vikafika kwenye namba za hindi.

"Don Nazario?" akauliza doña Graciela.

Akafumba jicho la kushoto, akachungulia kwa la kulia.

"Chungwa," akasema. "Tena bado sana."

Aliondoa uso wake tunduni, akatutazama mmoja mmoja, na nafikiri alituona tunavyoangalia buti zetu.

"Basi vyombo vyako vyote viwili vinadanganya, Otilia?"

Alikuwa anauliza kweli. Hapakuwa na hasira ndani yake.

Otilia alikuwa na machozi, lakini sauti yake ilikuwa ileile anayosomea namba. "Don, chombo kikinipa namba nisiyoielewa, sikitupi. Natafuta cha pili, nalinganisha. Wewe nawe una viwili."

"Viwili nini?"

"Macho. Umekuwa ukitumia moja tu. Funika hilo la kulia, utazame kwa la kushoto."

Chema akacheka kidogo, kicheko cha woga. "Don, akikwambia utoe ulimi usikubali."

"Soda, Chema," akasema don Nazario. Akafunika jicho la kulia kwa kiganja, akainama kwenye tundu na jicho ambalo kwa umri wake wote wa kazi alikuwa akilifumba.

Akakaa pale. Akabadilisha, akatazama kwa la kulia. Akabadilisha tena, la kushoto. Tuliona mgongo wake ukishuka taratibu, kama wa mtu aliyetua mzigo.

"Hindi," akasema, na ile sauti yake kubwa haikuwepo. "Hindi la sokoni kabisa. Mama yangu wee. Kwa jicho hili ni hindi." Akageuka. "Kitoeni. Kitoeni, mnangoja nini, kitaungua!"

Tukakimbia kukitoa kile kipande ambacho hakikuwa na kazi yoyote, kwa sababu don Nazario ametuamuru, na hata leo nikikumbuka tulivyokimbia nacheka peke yangu.

Daktari wa macho wa mji wa Saltillo alimwambia ni mtoto wa jicho. Lenzi ya jicho la kulia ilikuwa imegeuka njano na kahawia kama chai, na jicho likiwa hivyo linameza weupe na kuacha wekundu. Kila kitu cha moto kinaonekana kibichi kuliko kilivyo. Akamwuliza kazi yake, akamwuliza anatazama moto kwa jicho lipi, akatikisa kichwa. Ule moto wenyewe, alisema, unachangia kulipika jicho, na yeye alikuwa amelipeleka lile moja siku zote. La kushoto lilipona kwa kufumbwa, ila kwa mazoea hata nyumbani alitazama zaidi kwa la kulia.

Alifanyiwa upasuaji. Doña Graciela alimwekea nafasi yake, na kwa muda wote huo Otilia ndiye aliyeita nyundo kwa namba. Shafti ziliacha kupasuka. Aliporudi, tulimwona akisimama mlangoni mwa karakana akiangalia ovaroli zetu.

"Hizi nguo zimekuwa za buluu lini?"

"Tangu tumezaliwa, don," akasema Chema.

"Mimi nilijua ni za kijivu. Mke wangu nyumbani ana aproni ya buluu, nimemwambia ni nzuri, umenunua wapi? Amenitazama kama nimerukwa na akili. Ameivaa miaka."

Alirudi kwenye tundu, akiwa na miwani maalumu aliyolazimishwa na Otilia, na akaweka sharti lake mwenyewe mbele ya doña Graciela: hataji rangi kabla Otilia hajasoma namba, na Otilia hasomi namba ya uso bila chuma kusuguliwa. Wasipopatana, hakuna nyundo, mpaka wajue kwa nini. Huo ndio utaratibu wa karakana mpaka leo, na vijana wanaoajiriwa wanaukuta wakidhani ulikuwepo siku zote.

Jumapili moja baada ya hapo nilikuwa kwa komadre wakati doña Eudelia, mke wa don Nazario, alipofika. Alikuja na sufuria ya nyama ya nguruwe ya pilipili nyekundu, ile ya harusini, ameibeba kwa mikono miwili kutoka mtaa wa tatu. Akaiweka mezani, akamshika Otilia uso.

"Binti, nimekuja kukushukuru. Umemrudishia mume wangu jicho lake, na kazi yake, na nadhani umewarudishia watu wengine wana wao."

Otilia akatafuta cha kufuta. Hakukuwa na kipimajoto pale, akaanza kufuta meza iliyokuwa safi.

"Doña, usinishukuru mimi," akasema. "Mimi nilitoboa chuma tu. Nimepima vitu vingi vya moto maishani mwangu na hakuna hata kimoja kilichokubali kupimwa kwa hiari yake. Yeye alikubali, mbele ya watu wote, mbele ya Chema, na alikuwa ameshajua jibu linaweza kuwa lipi. Angekataa, ningefanya nini? Ningeweka namba zangu mfukoni, nikaenda nyumbani. Kila siku nikienda kazini nasema asante Mungu kwa kuwa mtu yule alikubali kufunika jicho."

Doña Eudelia akamwachia uso. "Mwambie mwenyewe basi," akasema. "Yuko nje. Anaona haya kuingia."

Tukatazama dirishani. Don Nazario alikuwa amesimama uani chini ya kamba ya nguo, kofia mkononi, amenyanyua kichwa, anazitazama nguo za mtoto zilizoanikwa, moja moja, kana kwamba kuna mtu amemwomba azitaje rangi.

Otilia akaacha kufuta. Akatoka kwenda kumkaribisha chakula.